Shajara ya nukta kwa majira ya kuchipua: maua, mikanda au rangi tupu?

Majira ya kuchipua yakikaribia, picha za shajara zilizojaa maua huenea kila mahali, na anayetaka kupamba ya kwake hubaki na swali: achore kwa mkono, abandike mikanda ya karatasi yenye gundi, apake rangi za maji, au aziachie rangi mbili tatu zifanye kazi yote? Nimemwandikia mtu huyo ulinganisho huu. Msimamo wangu nautaja mapema ili uupime kadiri unavyosoma: pambo linalodumu ni lile lililopewa kazi. Ua ambalo petali zake ni siku za mwezi utalirudia kila jioni. Ua lililochorwa pembeni ili ukurasa upendeze tu, wiki ya pili hulitazami tena, na mwezi unaofuata hutakuwa na hamu ya kulichora.

Mfumo wenyewe wa shajara ya nukta, yaani daftari unaloandikia kazi, matukio na madokezo kwa alama fupi, ulianza bila mapambo. Mbunifu wake, Ryder Carroll, alipoutoa hadharani mwaka 2013 kwa jina la Bullet Journal, ulihitaji daftari, kalamu moja na alama chache: nukta kwa kazi, duara kwa tukio, kistari kwa dokezo, X kwa kilichokwisha, mshale kwa kinachohamishiwa mbele. Mwanzoni faharasa, kisha miezi ijayo, kisha mwezi ulionao, kisha siku kwa siku. Maua yaliletwa na watumiaji. Kwa hiyo shajara isiyo na ua hata moja haijapungukiwa na kitu, na kila unachokiongeza kinapaswa kuwa na sababu ya kuwapo.

Kuhusu tarehe, walio kaskazini mwa dunia huhesabu majira haya Machi hadi Mei, na walio kusini Septemba hadi Novemba. Yote yaliyo hapa chini yanafaa pande zote mbili; kinachobadilika ni kama unaanza na mwezi wa siku 31 au wa siku 30, na hilo lina maana kubwa tukifika kwenye petali.

Rangi tupu au michoro?

Huu ndio uamuzi wa kwanza, na wengi huuruka. Wanakimbilia kuchagua ua kabla hawajachagua rangi, halafu kila ukurasa unatoka na sura yake na daftari zima linakosa utulivu.

Anayetumia rangi tupu huchagua tatu, pamoja na nyeusi au kijivu ya kuandikia, na kuzishikilia majira yote. Kijani kibichi cha majani machanga, waridi hafifu na manjano ni mkusanyo unaoeleweka mara moja bila kuchora chochote. Kila rangi ipewe kazi yake: kijani kwa mambo ya nyumbani, waridi kwa watu (siku za kuzaliwa, ziara, simu za kupiga), manjano kwa masomo au ajira. Ukifungua ukurasa unaona majira, na papo hapo unaona wiki yako imelemea wapi. Gharama yake ni sekunde chache kwa kila mstari.

Anayechagua michoro anapata furaha ambayo rangi tupu haiwezi kutoa, na sitaki kuidharau furaha hiyo. Kuchora tulipu nusu saa jioni ya Jumapili ni mapumziko ya kweli kwa mtu aliyetumia wiki nzima mbele ya skrini. Lakini mchoro unadai muda mahali pamoja, mwanzoni mwa mwezi, na usipoupata muda huo ukurasa unabaki mtupu na shajara inasimama. Nimeona wengi wakiacha shajara zao kwa sababu hiyo: walikuwa na kazi za kuandika, ila ukurasa wa kuziandikia ulikuwa bado haujapambwa.

Ukiwa mgeni, anza na rangi. Michoro iongezwe baadaye juu ya ukurasa unaotumika tayari.

Jambo moja kuhusu manjano: ni rangi ya lazima katika majira haya, na ni mbaya kwa maandishi. Mstari wa manjano hafifu juu ya karatasi nyeupe hausomeki ukipungua mwanga. Iweke chini ya maandishi, kama kivuli nyuma ya kichwa cha habari, au ijaze ndani ya umbo lililozungushiwa mstari wa kijivu. Kwa upande mwingine, rangi hafifu zina faida kwenye karatasi nyembamba, kwa kuwa hazionekani sana upande wa pili wa ukurasa.

Zana: kalamu, mikanda, rangi za maji

Kabla ya kununua chochote, tazama uzito wa karatasi, ambao kwa kawaida huandikwa kwenye jalada au kifungashio. Daftari nyingi za nukta (zenye nukta ndogo badala ya mistari) zina karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba. Nyingine, zilizotengenezwa kwa ajili ya wapambaji, hufika gramu 160. Namba hiyo peke yake inaondoa nusu ya maswali.

| Zana | Karatasi ya gramu 80 | Karatasi ya gramu 160 | Ukikosea |
|---|---|---|---|
| Kalamu ya wino mweusi usioyeyuka | Inafaa | Inafaa | Igeuze kuwa jani au kikonyo |
| Kalamu ya brashi ya wino wa maji | Kivuli huonekana nyuma | Inafaa | Pitisha rangi nzito juu yake |
| Mikanda na stika | Inafaa, daftari hunenepa | Inafaa, daftari hunenepa | Mkanda unabanduka, stika nyingi hazibanduki |
| Rangi za maji | Karatasi hujikunja | Kwa maji kidogo sana | Bandika karatasi nyingine juu |

Kalamu za wino wa spiriti sikuziweka kwenye jedwali kwa makusudi. Zinapenya karatasi zote mbili na kuharibu ukurasa wa nyuma. Zitumie kwenye kadi ya pembeni utakayoibandika.

Mkanda wa washi, yaani huo mkanda wa karatasi wenye gundi, umekuwa kama alama ya wapambaji, na ukijua ulikotoka unajua jinsi ya kuutumia. Kampuni ya Kijapani ya Kamoi Kakoshi, iliyoanza mwaka 1923 kwa kutengeneza karatasi za kunasia nzi, baadaye ilitengeneza mikanda ya kuzibia ya mafundi rangi, na ndiyo iliyoleta mikanda hiyo katika rangi na michoro ya mapambo. Kwa asili, basi, ni mkanda wa kubandua. Unaweza kuuhamisha ukiona hukuuweka sawa, na unaweza kuurudisha kwenye kazi yake ya zamani: zungushia ukurasa mkanda, paka rangi za maji ndani yake, subiri ikauke kabisa, kisha bandua mkanda polepole kwa pembe ya chini. Unabaki na ukingo mweupe ulionyooka. Kwenye karatasi nyembamba, ugusishe kwanza kwenye kitambaa upunguze gundi, usije ukaondoka na karatasi.

Ubaya wa mikanda ni unene. Kurasa nyingi zikibandikwa mahali palepale, daftari halifungiki tena. Iweke juu kwenye ukurasa huu, chini kwenye ule, na kwenye ukingo wa nje ukurasa wa tatu. Faida yake kubwa zaidi haimo kwenye uzuri. Kipande kilichokunjwa nusu kwenye ukingo wa ukurasa huwa kichupo: mkanda wa majani kwa Machi, wa waridi kwa Aprili, wa manjano kwa Mei, na unafungua mwezi bila kupitia faharasa.

Rangi za maji nazipenda kuliko zote kwa macho, na ndizo ninazozipendekeza kwa wachache zaidi. Karatasi iliyotengenezwa kwa ajili yake huwa ya gramu 300 hivi. Daftari haliko karibu na hapo. Njia ya kati ni kupaka kwenye kipande cha karatasi hiyo nzito, kukikata, na kukibandika kama ukurasa wa kufungulia mwezi. Ukichora mistari kwanza, hakikisha wino wa kalamu yako hauyeyuki kwa maji, na uache ukauke. Wino wa jeli ukiguswa na brashi huchafua petali zote kwa kijivu.

Petali au jedwali: kufuatilia tabia

Hapa ndipo majira ya kuchipua yanapokuwa na kitu chake maalumu cha kutoa, kwa sababu maua yana hesabu.

Dafodili ina petali sita kuzunguka kikombe chake. Chora dafodili tano na una petali 30, mwezi mzima wa Aprili, au wa Septemba na Novemba kwa walio kusini. Ua la mcheri wa porini lina petali tano, kila moja ikiwa na mkato mdogo nchani. Chora sita na una 30 tena. Ongeza tumba moja ambalo halijafunguka, na hiyo ni siku ya 31 kwa Machi, Mei au Oktoba. Hakuna petali ya kubuni wala ya kuficha. Ua unalochora ni ua lilivyo, na mwezi unaingia wote.

Kila siku uliyotimiza ulichojiwekea, jaza petali moja. Siku uliyokosa iache nyeupe. Kufikia mwisho wa mwezi unaona shada lako bila kuhesabu chochote.

Sasa upande wa pili. Ukurasa wa maua unabeba tabia moja, labda mbili ukigawa petali kati. Mwenye tabia nane za kufuatilia atahitaji kurasa nane, na hapo mchezo umekwisha. Pia petali hazikuambii tarehe. Dawa yake ni kuandika namba ndogo kwenye kila petali kwa penseli, au kuanzia petali ya juu na kuzunguka kulia siku zote. Na dafodili za siku sita sita hazilingani na wiki. Kama unafikiri kwa wiki, chora matawi manne yenye matumba saba kila moja, na siku mbili au tatu zinazobaki ziwe kwenye kitawi kifupi juu.

Jedwali la kawaida halina urembo huo, lakini kwa anayefuatilia mambo mengi halina mshindani. Kulichora kuna hila yake. Nukta za daftari nyingi ziko umbali wa milimita 5, na ukurasa wa A5 una upana wa milimita 148. Hata ukitumia karatasi yote hadi ukingoni, unapata miraba 29 tu. Siku 31 haziingii kwa upana. Watu huligundua hili wakiwa wameshaandika tarehe hadi 26 kwa wino. Geuza: siku zishuke chini, kwa kuwa urefu wa milimita 210 unatosha na kubakiza nafasi ya kichwa, na tabia zikae juu kwa upana. Maandishi ya tabia yaandikwe kwa kusimama.

Kuna chaguo la tatu ambalo kwangu linazishinda zote mbili, nalo ni mtambaazi. Ukurasa wa mwezi katika mfumo wa asili ni orodha ya tarehe, 1 hadi 30 au 31, zikishuka upande wa kushoto, kila moja na mstari wake. Pitisha shina jembamba kando ya orodha hiyo, kutoka chini hadi juu, na mbele ya kila tarehe chora jani moja dogo. Jani likijazwa kijani, tabia imetimizwa. Likiachwa tupu, haikutimizwa. Mstari ulio mbele yake unabaki kwa tukio la siku: mkutano, safari, mvua ya kwanza. Unachukua miraba miwili ya upana, hautumii ukurasa wa ziada, na mwezi mzima unakaa mahali pamoja: ulichopanga, kilichotokea, na ulivyojituma. Kwa wiki, usiandike herufi ya kwanza ya siku, maana tano kati ya saba zinaanza na J. Andika J3, J4, J5, Al, Ij, J1, J2, na upigie mstari J2 ili jicho lione wiki inapokatika.

Kwa hali ya moyo, mwavuli na matone ya mvua unafanya kazi vizuri kuliko maua. Tone moja kwa siku, rangi nne au tano, na ufunguo wa rangi uandikwe ndani ya mwavuli. Ua lisilojazwa huonekana kama kushindwa. Tone la buluu iliyokoza ni tone tu, halikuhukumu.

Kalenda ya miraba au orodha?

Mtambaazi nilioueleza unaishi kwenye orodha. Lakini mwenye familia kubwa au ratiba ya miadi mingi atataka kuona wiki zimepangwa kwa safu, na hapo kalenda ya miraba ni bora. Kwenye ukurasa mmoja wa A5 itakubana: ukitenga miraba mitatu kwa kila siku unapata kisanduku cha milimita 15, ambacho kinatosha neno moja.

Tumia kurasa mbili zinazotazamana. Siku nne kushoto, tatu kulia, kila kisanduku miraba sita, yaani milimita 30. Nafasi ya nne upande wa kulia inabaki wazi kuanzia juu hadi chini, na hiyo ndiyo bustani yako: tawi la mcheri likishuka, au tulipu tatu zikipanda. Usichore ndani ya visanduku. Ua zuri kwenye kisanduku cha tarehe 14 litakukosesha mahali pa kuandika miadi ya tarehe 14.

Usafi mkubwa: kwa chumba au kwa dakika?

Majira haya huja na hamu ya kufagia kila kona, na shajara nyingi hutenga ukurasa wake. Wengi huchora ramani ya nyumba na kuorodhesha kazi chini ya kila chumba. Inapendeza, na mwenye siku mbili nzima za kujitolea itamfaa.

Kwa mwenye vipande vya muda, panga kwa dakika. Safu tatu: dakika 5, dakika 20, saa nzima na zaidi. Kufuta swichi za taa kunakwenda safu ya kwanza, kupanga droo moja safu ya pili, kuosha mapazia ya tatu. Ukipata dakika tano ukisubiri maji yachemke, unajua pa kutazama. Pambo lake ni rahisi: kila kazi ni mbegu, kiduara kidogo badala ya nukta, na ikimalizika unaichorea majani mawili. Ukurasa unaota wenyewe kadiri nyumba inavyosafika.

Daftari lenyewe nalo lisafishwe. Mfumo huu una utaratibu wa kuhamisha: mwisho wa mwezi unapitia kila kazi iliyobaki, na ama unaiandika upya kwa mkono kwenye mwezi mpya, ama unaikata. Kazi uliyoihamisha tangu katikati ya majira ya baridi bila kuigusa, ikate bila huruma.

Ukurasa wa shukrani au daftari la dalili?

Mti wa shukrani, wenye jani kwa kila jambo jema, umeenea sana, na ni mzuri kwa anayeutaka. Lakini unaweza kuuchora mwezi wowote. Ukitaka ukurasa ambao ni wa majira haya peke yake, weka daftari la dalili.

Mwaka 1736, huko Norfolk, Uingereza, Robert Marsham alianza kuandika tarehe alizoziona dalili za majira ya kuchipua: ua la kwanza la aina fulani, majani ya kwanza ya mti fulani, ndege fulani aliporudi. Familia yake iliendelea na kazi hiyo vizazi kwa vizazi hadi mwaka 1958, na tarehe hizo zimewafaa wanasayansi wanaochunguza jinsi joto linavyosogeza majira. Kule Kyoto, Japani, kumbukumbu za kuchanua kwa mcheri zinarudi nyuma hadi mwaka 812. Kilichoandikwa ni tarehe tu, na thamani yake imekua kila mwaka ulioongezeka.

Chagua dalili nane hadi kumi unazoweza kuziona bila safari ya makusudi: mti ulio njiani unakopita kila siku, ndege anayesikika dirishani, jioni ya kwanza kukaa nje bila sweta. Ziandike zikishuka kushoto, na mbele ya kila moja mchoro mdogo, si zaidi ya miraba miwili. Hapa michoro inajilipa, kwa kuwa kumchora ndege huyo kunakulazimisha umtazame. Kisha piga safu tano za miaka kulia. Mwaka huu unajaza ya kwanza tu, tarehe na mwezi.

Ukurasa huu usiuweke katikati ya kurasa za mwezi, utapotea daftari likijaa. Uweke nyuma kabisa, uandike namba yake kwenye faharasa, au uuchore kwenye kadi nzito ya ukubwa wa A5 inayokaa kwenye mfuko wa jalada, ili daftari jipya likianza iweze kuhama nawe.